Kutofautisha Nondo wa Jenasi ya Spodoptera: Historia ya Majina, Ushahidi na Mamlaka kutoka Makumbusho ya Ulaya hadi Mutanga Sud, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kutofautisha nondo wanaofanana wa jenasi ya Spodoptera, ambao viwavi wao huharibu nafaka, pamba na malisho katika Afrika Mashariki na eneo la Maziwa Makuu. Yanafuatilia matukio matatu: kutenganishwa kwa viwavi wa pamba wa Afrika na wa Asia, kuunganishwa kwa sura mbili za kiwavijeshi wa Afrika, na kuingia kwa kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, aliyefika Burundi mwaka 2017. Makala yanadai kwamba mipaka kati ya spishi hizi haikujulikana kwa kutazama sura peke yake, na kwamba kila kosa la utambuzi lililipwa na mkulima. Yanahitimisha kwa kueleza kwa nini istilahi ya Kiswahili inapaswa kubeba tofauti hizo waziwazi.

Maneno muhimu: nondo, Spodoptera, viwavijeshi, utambuzi wa spishi, Burundi, istilahi.

1. Utangulizi

Mutanga Sud ni mtaa wa jiji la Bujumbura ulio upande wa mashariki, mahali ardhi inapoanza kupanda kutoka Ziwa Tanganyika na tambarare ya Imbo kuelekea vilima vya Mumirwa. Jina la Mutanga linabebwa pia na mojawapo ya kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi, chuo kilichoanzishwa mwaka 1964. Mvua za kwanza zinaponyesha, taa za barazani huvutia nondo hapa kama zinavyowavutia kwingineko katika ukanda wa maziwa. Wengi wao ni wa rangi ya kijivu au ya udongo, na mabawa yao yakikunjuliwa hufikia upana wa sentimita tatu au nne. Asubuhi hufagiliwa pamoja na vumbi, na hakuna anayeuliza majina yao.

Swali la majina hayo, hata hivyo, si la anasa. Nondo watatu waliotua ukutani usiku mmoja, wakiwa na rangi na umbo karibu sawa, wanaweza kuwa wazazi wa viwavi wenye tabia tatu tofauti kabisa. Kiwavi wa kwanza hula nyasi na nafaka kwa makundi makubwa, kisha hutoweka. Wa pili hula pamba, mboga na mimea mingine mingi ya majani mapana. Wa tatu huingia katika moyo wa mmea wa mahindi, hujificha humo, na kizazi chake hakiondoki maadamu kuna mahindi shambani. Anayewachanganya watatu hawa atasubiri pale alipopaswa kuchukua hatua, au atanyunyizia sumu pale alipopaswa kusubiri.

Makala haya yanaifuatilia historia ya kuwatofautisha nondo hao. Hoja yake kuu ni kwamba kila mara aina ya ushahidi ilipobadilika, kutoka rangi ya mabawa hadi viungo vya uzazi, kutoka mwenendo wa kiwavi hadi harufu na vinasaba, mipaka kati ya spishi nayo ilibadilika. Sambamba na mabadiliko hayo, mamlaka ya kutamka jina la nondo wa Afrika yalianza kuhama polepole kutoka makumbusho ya Ulaya kuja katika vituo vya utafiti vya bara lenyewe. Safari hiyo haijakamilika, na sehemu yake iliyobaki ni ya lugha.

2. Majina yaliyotungwa mbali na mashamba

Nondo wanaojadiliwa hapa ni wa familia ya Noctuidae, na walipewa majina yao ya kisayansi na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuyaona mashamba yaliyoharibiwa. Fabricius alimtaja litura mwaka 1775. James Edward Smith, mwanzilishi wa Jumuiya ya Linnaeus ya London, alimtaja frugiperda mwaka 1797 katika kitabu kilichotegemea michoro ya John Abbot aliyeishi Georgia, Marekani. Jina hilo la Kilatini linahusu kupotea kwa mazao. Boisduval wa Ufaransa alimtaja littoralis mwaka 1833 katika kazi yake juu ya wadudu wa Madagaska na visiva jirani vya Bahari ya Hindi. Katikati ya karne ya 19, Francis Walker, aliyekuwa akiorodhesha maelfu ya wadudu wa Makumbusho ya Uingereza, alimtaja exempta.

Majenasi yalikuwa na historia yake pia. Mwaka 1852 Guenée alitunga majina matatu: Spodoptera, Laphygma na Prodenia. Kwa zaidi ya miaka mia moja spishi zinazojadiliwa hapa ziligawanywa kati ya majina hayo matatu, hadi wataalamu walipokubaliana katika nusu ya pili ya karne ya 20 kwamba zote ni za jenasi moja, Spodoptera. Jambo hili linaweza kuonekana kuwa la wataalamu pekee, lakini lina uzito kwa mwanahistoria. Ripoti ya kilimo ya miaka ya 1930 au 1940 haizungumzii Spodoptera exempta. Inazungumzia Laphygma exempta. Ripoti juu ya pamba inazungumzia Prodenia litura. Asiyejua mabadiliko hayo atadhani anasoma juu ya wadudu tofauti, au atashindwa kabisa kuzipata nyaraka anazozihitaji.

Utaratibu wa kutaja spishi ulikuwa na sharti moja zito. Jina la spishi hufungamanishwa na kielelezo kilichohifadhiwa, na kielelezo hicho ndicho hakimu wa mwisho pale wataalamu wanapobishana. Vielelezo hivyo vilikaa London, Paris na miji mingine ya Ulaya. Wadudu wengi waliokusanywa Kongo na Ruanda-Urundi wakati wa utawala wa Kibelgiji walipelekwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Kwa hiyo nondo aliyenaswa kando ya Ziwa Tanganyika alipaswa kwanza kuvuka bahari ili ajulikane ni nani. Katika muda wa safari hiyo na wa kusubiri jibu, kiwavi alikuwa amekwisha kula, kuingia ardhini, kuwa pupa na kuruka tena.

3. Jina moja, spishi mbili: kiwavi wa pamba

Tukio la kwanza linahusu pamba, zao ambalo utawala wa Kibelgiji ulilisisitiza katika tambarare ya Imbo, kwenye bonde la mto Rusizi. Miongoni mwa wadudu wa pamba waliojulikana barani Afrika alikuwamo nondo mwenye mabawa ya mbele yaliyopambwa kwa mistari myeupe iliyokatizana juu ya rangi ya kahawia. Kuanzia Misri hadi kusini mwa bara, wataalamu wengi walimwita Prodenia litura, jina lilelile lililotumika kwa nondo wa India, Asia ya Kusini Mashariki na visiwa vya Pasifiki.

Sababu ya kumwita hivyo ilikuwa rahisi: kwa macho, nondo wa Afrika na wa Asia hawatofautiani kwa namna ya kutegemewa. Rangi ya mabawa hubadilika kutoka nondo mmoja hadi mwingine kiasi kwamba tofauti ndani ya spishi moja inaweza kuzidi tofauti kati ya spishi mbili. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ambapo Pierre Viette, mtaalamu wa nondo wa Madagaska katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili mjini Paris, alionyesha kwa kuchunguza viungo vya uzazi kwamba hawa ni spishi mbili. Litura ni wa Asia na Pasifiki. Wa Afrika, Madagaska na nchi zinazoizunguka Mediterania ni littoralis, yule yule aliyekuwa ametajwa na Boisduval mwaka 1833 na jina lake likaachwa kando.

Kwa nini viungo vya uzazi? Mtaalamu huloweka ncha ya tumbo la nondo katika dawa ya kulainisha, huondoa mafuta na nyama, kisha hutazama kwa hadubini sehemu ngumu zinazobaki: vibano vya dume na mifereji ya jike. Sehemu hizi mara nyingi hutofautiana baina ya spishi hata pale mabawa yanapofanana, na hazichakai kama magamba ya mabawa yanavyopukutika. Nondo mzee aliyenaswa mtegoni, mabawa yake yakiwa yamebaki utando mtupu, bado anaweza kutambuliwa kwa njia hii.

Matokeo ya utafiti huo yalihusu mambo mawili. Kwanza, mipaka ya kibiashara: iwapo nondo wa Afrika na wa Asia ni mmoja, hakuna sababu ya kuzuia mimea yenye viwavi kusafirishwa kutoka bara moja kwenda jingine; iwapo ni wawili, kila mmoja ni mgeni hatari katika nchi ya mwenzake. Pili, usomaji wa kumbukumbu: ripoti za zamani zinazotaja Prodenia litura katika mashamba ya pamba ya Afrika ya kati na mashariki zinapaswa kusomwa leo kama habari za Spodoptera littoralis. Maandishi hayakubadilika, aliyebadilika ni mdudu anayekusudiwa na maandishi hayo.

4. Sura mbili, spishi moja: kiwavijeshi wa Afrika

Tukio la pili lilikwenda kinyume na la kwanza. Badala ya spishi mbili kufichwa chini ya jina moja, hapa spishi moja ilijionyesha kwa sura mbili.

Kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta, anajulikana na wafugaji na wakulima kwa ghasia zake. Viwavi hutokea kwa wingi ghafla baada ya mvua za mwanzo, wakiwa weusi kama makaa na wenye mistari ya rangi ya njano au kijani ubavuni. Hutembea pamoja, hula nyasi za malisho na nafaka changa, na baada ya siku chache huzama ardhini. Kati ya mlipuko na mlipuko hawaonekani. Swali lililowasumbua watafiti lilikuwa: wanakaa wapi wakati hawapo?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1943, J. C. Faure wa Afrika Kusini alipochapisha utafiti wake juu ya mabadiliko ya hali katika kiwavi huyu. Faure aliliazima wazo lililotokana na nzige, ambao Boris Uvarov alikuwa ameonyesha mwaka 1921 kwamba hubadili rangi na mwenendo kutegemea msongamano. Viwavi wa exempta wakilelewa wakiwa wamesongamana huwa weusi na wachangamfu. Wakilelewa mmoja mmoja huwa wa kijani au kahawia hafifu, huwa wazito, na hujificha chini karibu na shina la nyasi. Yule kiwavi mpole wa kijani ambaye hakuna aliyemjali, na yule mweusi aliyeogopwa, walikuwa watoto wa nondo mmoja. Alipodhaniwa hayupo, alikuwapo katika vazi jingine.

Utafiti huo ulipata makao Afrika Mashariki katika Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuwekwa Muguga, Kenya. Hapo E. S. Brown na wenzake walitumia mitego ya taa kuhesabu nondo usiku baada ya usiku. Mwaka 1969 Brown, Betts na Rainey walichapisha uchambuzi wa jinsi milipuko inavyosogea kwa majira katika Afrika ya mashariki, nondo wakichukuliwa na pepo. Katika kipindi hichohicho huduma ya kutabiri milipuko ilianza kuwatumia wakulima tahadhari.

Kazi ya mitego ya taa ilitegemea kabisa uwezo wa kutofautisha. Asubuhi mtego hujaa nondo wa kila namna, na miongoni mwao huwamo ndugu wa exempta, kama vile exigua, littoralis na triturata. Karani wa mtego aliyemhesabu triturata kama exempta angetangaza hatari isiyokuwapo. Aliyekosea kwa upande wa pili angenyamaza wakati hatari inakuja. Ikabidi ipatikane alama ambayo mtu asiye mtaalamu angeweza kuiona kwa kioo cha kukuzia. Alama hiyo ilipatikana kwenye ncha ya tumbo: dume wa exempta ana magamba makubwa yenye umbo la raketi, na jike ana mto mweusi wenye sehemu mbili. Kwanza hutazamwa unywele mgumu unaounganisha bawa la nyuma na la mbele, kwa kuwa dume ana mmoja mnene na jike ana kadhaa vyembamba. Baada ya jinsia kujulikana, ncha ya tumbo hutoa jibu.

Mwaka 1975 Brown na Dewhurst walichapisha mapitio ya spishi za Spodoptera za Afrika na Mashariki ya Karibu. Kazi hiyo ina nafasi ya pekee katika historia hii. Ilikuwa imetokana na haja ya shamba na mtego wa Afrika Mashariki, si na haja ya kupanga makabati ya makumbusho. Hata hivyo, huduma ya pamoja iliyoizaa ilihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Burundi, iliyokuwa imerithi taasisi zake za utafiti kutoka kwa Wabelgiji na kuunda Taasisi ya Sayansi za Kilimo ya Burundi, ISABU, mwaka 1962, haikuwamo. Nondo walivuka mto Malagarasi bila kuulizwa uraia. Maarifa juu yao yalisimama mpakani, yakiwa yameandikwa kwa Kiingereza upande mmoja na kusubiriwa kwa Kifaransa upande wa pili. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na sehemu ya utaratibu huo wa pamoja ikagawanyika. Burundi ilijiunga na Jumuiya mpya mwaka 2007.

5. Mgeni chini ya jina la mwenyeji: 2016 na 2017

Tukio la tatu liko karibu zaidi, na gharama yake bado inalipwa. Mapema mwaka 2016 viwavi wasio wa kawaida walionekana katika mahindi ya Afrika Magharibi. Goergen na wenzake, wakifanya kazi na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki nchini Benin, walichunguza umbo na vinasaba vyao, na mwaka huohuo walichapisha utambuzi kwamba ni Spodoptera frugiperda, spishi ambayo kabla ya hapo ilijulikana Amerika pekee. Safari hii utambuzi wa kwanza ulifanyika Afrika, na watu waliokuwa Afrika. Mwaka 2017 kiwavi huyo alithibitishwa Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, pamoja na nchi nyingine nyingi za bara.

Ugumu wa mwanzo ulikuwa katika jina. Neno kiwavijeshi lilikuwapo, likiwa na maana iliyoeleweka: kiwavi anayekuja kwa kundi, anayekula na kuondoka. Mkulima aliyesikia kwamba viwavijeshi wameingia alikuwa na uzoefu wa kulinganisha, na uzoefu huo ulimpotosha. Kiwavi mweusi wa Afrika anapoonekana, kwa kawaida amekwisha kukua na amebakiza siku chache kabla ya kuzama ardhini. Ushauri wa busara mara nyingine huwa kutopoteza dawa kwa mdudu aliye mlangoni kuondoka. Frugiperda hana desturi hiyo. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya takribani mia moja hadi mia mbili, akiyafunika kwa magamba ya mwili wake, na katika maisha yake anaweza kutaga zaidi ya elfu moja. Kiwavi huingia katika moyo wa mmea na kuziba njia kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, hata dawa inayonyunyiziwa juu haimfikii. Katika joto, kizazi kizima hukamilika kwa takribani siku thelathini.

Burundi ilimpa mgeni huyu mazingira yaliyomfaa. Kalenda ya kilimo nchini humo ina misimu mitatu: agatasi, impeshi na ici. Msimu wa tatu, wa kiangazi, hutegemea mabonde yenye unyevu, na mahindi hulimwa humo wakati vilima vimekauka. Utaratibu huo ni hazina ya familia nyingi, kwani huziba pengo la njaa. Frugiperda hana kipindi cha kulala kinachomwezesha kungoja mvua. Huhitaji mmea wa kula mwaka mzima. Mahindi ya bondeni humvusha kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Exempta ni mgeni wa mvua. Frugiperda amekuwa mpangaji.

Je, wanatofautishwaje? Kwa kiwavi aliyekua, alama za kutazama ziko mbili. Kichwani mwa frugiperda kuna mstari wa rangi hafifu wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia, juu ya pingili ya nane ya tumbo, kuna madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba. Herufi Y peke yake haitoshi, kwa kuwa viwavi wengine wa kundi hili nao wana mistari inayoikaribia. Madoa manne ndiyo yanayoimarisha ushahidi. Kwa nondo, dume wa frugiperda ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, lakini jike hana baka hilo kwa uwazi, na kwa jike ndipo makosa mengi hutokea. Mabawa ya nyuma ya wote wawili ni meupe yanayong'aa, yenye ukingo mwembamba wa rangi nyeusi. Viwavi wadogo waliotoka mayaini karibuni hawana alama za kutegemewa, na hao ndio ambao kuwadhibiti kungekuwa rahisi zaidi.

6. Harufu na vinasaba

Nondo wenyewe hawachanganyikiwi kama wanadamu, kwa sababu hawategemei sura. Gizani jike hutoa harufu, na dume wa spishi yake huifuata. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameunda harufu hizo katika maabara na kuziweka mitegoni kama feromoni, na mitego hiyo ikachukua nafasi ya mitego ya taa katika utabiri wa exempta. Ingefikiriwa kwamba mtego unaovutia spishi moja tu umemaliza tatizo la utambuzi. Haikuwa hivyo. Utafiti uliofanywa Togo baada ya mwaka 2016 ulionyesha kwamba mitego ya frugiperda hunasa pia nondo wengine, akiwamo Leucania loreyi, anayefanana naye vya kutosha kumdanganya mhesabuji. Mtego huchuja, lakini jicho lililofunzwa bado linahitajika.

Vinasaba vilileta chombo kingine. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Kanada walipendekeza kipande kifupi cha kinasaba kimoja, chenye herufi zipatazo 650, kitumike kama alama ya kutambulisha spishi za wanyama. Kwa njia hiyo hata yai au mguu wa nondo unaweza kutoa jibu. Lakini vinasaba navyo vilizaa maswali mapya. Tangu mwaka 1986 Dorothy Pashley alikuwa ameonyesha kwamba ndani ya frugiperda wa Amerika kuna koo mbili zisizotofautika kwa macho, moja ikihusishwa zaidi na mahindi na nyingine na mpunga na nyasi. Nondo wa Afrika walipochunguzwa, wengi walionekana kubeba alama za koo zote mbili: kipimo kimoja kikisema mpunga, kingine kikisema mahindi. Ilibainika kwamba kuna mchanganyiko, na kwamba jibu linategemea kinasaba kilichoulizwa. Historia ilikuwa imejirudia: kila chombo kipya kilifuta mstari mmoja na kuchora mwingine.

7. Istilahi na wajibu wa lugha

Lugha za eneo hili zilijibu ujio wa frugiperda kila moja kwa njia yake. Nchini Rwanda, ambako mwaka 2017 hata wanajeshi walishiriki kuokota viwavi mashambani, jina lililoenea ni nkongwa idasanzwe, yaani nkongwa asiye wa kawaida. Neno nkongwa lilikuwapo kwa kiwavi anayetoboa mabua. Kivumishi kikaongezwa kutenga mgeni na mwenyeji. Kifaransa kiliongeza neno la majira ya kupukutika kwa majani, majira ambayo Bujumbura haiyajui. Kiswahili cha Tanzania kiliunda kiwavijeshi vamizi.

Istilahi ya Kiswahili ina faida iliyo wazi. Kivumishi vamizi kinaeleza jambo ambalo mkulima anapaswa kulijua: kwamba huyu ametoka nje na hana desturi za yule wa zamani. Udhaifu wake ni kwamba upande wa pili wa jozi haukupewa kivumishi. Exempta anaendelea kuitwa kiwavijeshi tu, na katika mazungumzo ya kila siku vamizi huachwa, majina yote mawili yakarudi kuwa moja. Tangazo la redio linalosema viwavijeshi wameonekana halimwambii msikilizaji angoje au aende shambani alfajiri. Pendekezo la makala haya ni kwamba istilahi zitumike kwa jozi kamili: kiwavijeshi wa Afrika na kiwavijeshi vamizi, bila neno kiwavijeshi kuachwa peke yake katika maandishi ya ugani. Littoralis naye aendelee kuitwa kiwavi wa pamba, na asiingizwe katika kundi la majeshi.

Pendekezo la pili linahusu ufunguo wa utambuzi. Ufunguo ni mfululizo wa maswali mawili mawili: unywele wa bawa ni mmoja au kadhaa, magamba ya ncha ya tumbo yana umbo la raketi au hayana, bawa la nyuma lina ukingo mweusi au halina. Muundo huo unakubaliana vizuri na Kiswahili, lugha inayovuka mipaka ambayo nondo huvuka. Bujumbura ni mahali panapofaa kuujaribu. Katika jiji hilo Kirundi, Kifaransa na Kiswahili hukutana kila siku, na kutoka Mutanga Sud hadi mashamba ya Imbo si safari ndefu. Mwanafunzi mwenye kioo cha kukuzia, taa ya barazani na karatasi moja ya maswali kwa lugha anayoielewa anaweza kufanya leo kile ambacho zamani kilihitaji meli.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha njia tatu ambazo sura ilidanganya. Ilificha spishi mbili chini ya jina moja katika pamba. Ilionyesha spishi moja kama mbili katika malisho. Na katika mahindi ilimruhusu mgeni aingie akiwa amevaa jina la mwenyeji. Katika kila tukio suluhisho lilitokana na kuuliza aina nyingine ya ushahidi, na katika kila tukio kulikuwa na muda kati ya mdudu kufika na jina lake sahihi kutamkwa. Hasara nyingi zilitokea katika muda huo.

Muda huo umefupika. Mwaka 2016 utambuzi wa frugiperda ulichukua miezi, si miongo, na ulitoka ndani ya bara. Kinachobaki ni umbali kati ya maabara na mkulima, na umbali huo haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa maneno. Jina linalotofautisha ni dawa ya kwanza, na halina gharama ya kununuliwa. Lakini ni lazima liwe limekwisha kufika kijijini kabla nondo hajafika.